"Ajali Haina Kinga": Je, na Bunduki Nayo?

Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Nakuru, akifika Rironi akaiacha barabara ya juu na kushika ile ya zamani, baada ya mwendo mfupi huona kama dunia imekatika mbele yake. Kulia ni genge, kushoto ni shimo la Bonde la Ufa, na mbele kabisa mlima Longonot umekaa peke yake kama chungu kilichomeguka mdomo. Malori ya shehena kutoka bandarini huteremka hapo moja moja kwa gia ndogo, breki zikinuka. Njiani kuna kikanisa kidogo mno, kilichojengwa na mateka Waitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia, wale waliotumiwa kuichonga barabara hiyo. Na chini ya mteremko ndipo ulipo mji wa Mai Mahiu. Jina hilo ni la Kikikuyu, maana yake maji moto.

Madereva wa pwani waujua mji huu kama wajuavyo Mariakani na Mtito Andei. Hapa njia hugawanyika, moja ikaelekea Narok na nyingine Naivasha, Nakuru na mpaka wa Uganda. Hapa watu huegesha, hula, husali, na wengine hulala. Nami siku moja niliketi hapo katika mkahawa wa kando ya barabara, nikaagiza chai na mandazi. Kwenye benchi la mbele yangu alikuwapo kijana mmoja, askari wa akiba wa kulinda mifugo, bunduki yake ameilaza magotini, na mdomo wake umenitazama mimi kifuani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu igeuze hiyo kidogo."

Akacheka kwa upole. "Usiogope, mzee. Nimeifunga. Haiwezi kulia."

Dereva mmoja wa lori, mtu wa Kisauni, aliyekuwa akinipa habari za nyumbani, akaingilia kati. "Sheikh, mwache kijana anywe chai yake. Ajali haina kinga."

Kijana alikuwa na adabu, akaigeuza. Lakini maneno yale mawili, "nimeifunga" na "ajali haina kinga", sikuweza kuyameza pamoja na chai. La kwanza ni neno la mtu anayekiamini chuma. La pili ni la mtu anayejiuzulu kabla ya jambo kutokea. Nimekuja kuona kwamba bunduki nyingi zilizoua bila kukusudiwa zimepitia baina ya maneno hayo mawili. Basi na tuyapime moja baada ya jingine.

KIJINO CHA CHUMA

Kijana alisema ameifunga. Ameifunga nini?

Bunduki ya kuwindia, ile yenye komeo ambalo mpigaji hulivuta nyuma na kulisukuma mbele, haina siri kubwa. Ndani ya komeo mna sindano ya chuma na springi yenye nguvu. Komeo likifunguliwa kisha likasukumwa mbele, risasi huingia mahali pake na springi hubanwa. Sindano hutaka kuruka ikaipige fataki iliyo kitakoni mwa risasi, lakini hushikwa na kipande kidogo cha chuma, ambacho hapa tutakiita kijino. Kidole kikivuta kifyatuo, kijino huanguka, sindano huruka, fataki huwaka, na baruti humaliza kazi.

Sasa ajabu yenyewe ni hii. Kijino hicho na kile kinachokishikilia hugusana kwa upana mdogo sana, mara nyingi kiasi cha nusu ya milimita tu. Sababu ni kwamba msasi hutaka kifyatuo chepesi, kisichomtikisa mkono akakosa shabaha. Wengi hupenda mvuto wa kilo moja na nusu hivi, au pungufu. Kadiri mgusano unavyopunguzwa ndivyo kifyatuo kinavyolainika, na ndivyo kitu kidogo kinavyotosha kuleta balaa: punje ya mchanga, mafuta yaliyoganda, kutu, au fundi wa mtaani aliyetia tupa mahali asipopajua. Na aliyepita njia ya Suswa wakati wa kiangazi analijua vumbi la huko. Ni la majivu ya volkano, jepesi kama unga wa ngano, na hakuna tundu lisiloingia.

Hapo ndipo kinapokuja kile kidude cha pembeni ambacho askari hukiita sefti. Kwa nje vingi hufanana, huhamishwa kwa kidole gumba. Kwa ndani viko vya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Namna ya kwanza hukamata sindano yenyewe. Mfano wake mashuhuri ni Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898, bunduki iliyoenea Afrika Mashariki nzima mikononi mwa wanajeshi na wasasi. Kizuizi chake kiko nyuma ya komeo, na kikifungwa, hata kijino kikianguka, sindano haina pa kwenda. Tena kina kituo cha katikati: mtu aweza kufungua komeo na kutoa risasi ilhali sindano bado imekamatwa.

Namna ya pili haigusi sindano. Hukizuia kifyatuo au kijino tu. Ni rahisi kuitengeneza, na kama bunduki ni safi na fundi alikuwa hodari, yaweza kufanya kazi maisha yote. Lakini sindano imeachiwa kijino peke yake, na kijino kikiwa na kasoro, kufungwa kwa kifyatuo hakusaidii kitu.

Kwa hiyo neno "nimeifunga" lina maana mbili tofauti, na mtu aliyeketi mbele ya mdomo wa bunduki hana njia ya kujua ni ipi. Mara nyingi hata mwenye bunduki hajui.

KWARE WA NESTON PARK

Watu wa pwani wana sababu ya kulikumbuka jina la John Hanning Speke, yule Mwingereza aliyetoka Unguja mwaka 1857 pamoja na Richard Burton kutafuta maziwa ya bara. Aliongozwa na watu wetu, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye pasipo yeye huenda safari zile zisingefika mbali. Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa aliloliita Victoria, na baadaye akarudi tena na mwenziwe Grant. Alipita kwenye vita, njaa na maradhi, akarudi kwao mzima.

Tarehe 15 Septemba 1864 alikuwa akiwinda kware huko Neston Park, Uingereza, shamba la jamaa zake. Siku ya pili yake ilikuwa ajadiliane na Burton mbele ya wataalamu mjini Bath juu ya chanzo cha mto Nile. Alipokuwa akipanda kiukuta kifupi cha mawe, bunduki yake ililia na marisau yakamwingia ubavuni chini ya kwapa la kushoto. Alifariki muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka 37.

Ilikuwa bunduki ya Lancaster ya mitutu miwili, na ilielezwa kuwa haikuwa na kizuizi cha usalama. Mtutu mmoja ulikuwa umekwisha lia. Nyundo ya mtutu wa pili ilikuwa nusu njia, yaani imevutwa nyuma kidogo na kutegemezwa hapo. Katika bunduki za zama zile, kuanzia gumegume hadi za fataki, kituo hicho cha nusu ndicho kilichokuwa sefti. Nyundo ilishikwa na pengo dogo lililokatwa katika chuma. Pengo hilo likilika kwa miaka, au nyundo ikigongwa na jiwe au tawi, huteleza.

Baraza la uchunguzi liliamua kwamba ilikuwa ajali. Lakini watu hawakunyamaza. Wako waliosema kuwa Speke alijiua kwa kuogopa mjadala wa siku ya pili, na neno hilo limerudiwa vitabuni hadi leo. Msomaji aone hapo madhara mengine ya bunduki iliyolia yenyewe: humuua mtu, kisha ikaacha shaka juu ya kaburi lake. Mtu aliyevuka bara la Afrika aliuawa na kiukuta kisichomfika kifuani, kwa sababu hakuitoa risasi kabla ya kupanda.

WACHUKUZI WA BUNDUKI

Turudi Bonde la Ufa. Juu ya genge linaloitazama Mai Mahiu ndipo ilipo Kijabe, ambako reli ya Mombasa ilipita. Mwezi wa Juni 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani miezi michache nyuma, aliondoka Kijabe na msafara wake kuvuka bonde kuelekea Sotik, kupitia nchi kame ambayo ilibidi maji yake yabebwe kwa magari ya ng'ombe. Alifuatana na mwanawe Kermit, na nyuma yao wapagazi wengi, wakiwamo Waswahili.

Miongoni mwao kulikuwa na kazi moja ya heshima na hatari, ya mchukuzi wa bunduki. Kermit alikuwa na mchukuzi aitwaye Juma Yohari, Mswahili wa Unguja, ambaye Roosevelt amemtaja katika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1910. Mchukuzi alikaa karibu na msasi, hatua mbili tatu, ili simba au nyati akitokea bunduki ya pili iwe mkononi papo hapo. Maana yake ni kwamba kutwa nzima palikuwa na mtutu baina ya watu wawili wanaotembea kwenye majani, mawe na miiba.

Na mitutu yenyewe haikuwa ya namna moja. Roosevelt peke yake alikuwa na Springfield ya jeshi la Marekani, iliyoigwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Mauser. Alikuwa na Winchester ya 405, yenye nyundo ya nje na kituo chake cha nusu. Tena alikuwa na Holland ya mitutu miwili na vifyatuo viwili, zawadi ya marafiki wa Uingereza. Hizo ni bunduki tatu zenye njia tatu za kufungwa, na aliyezibeba ilimlazimu kuzijua zote kwa vidole bila kutazama. Hakuzinunua yeye, hakuzichagua yeye, lakini mwili wake ndio uliokuwa karibu nazo kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Usasi wa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Tanzania ilikuwa imeufunga mwaka 1973, ikaufungua tena 1978, na huko mpaka leo wasasi wa kigeni huenda porini na wenyeji wao. Katika Bonde la Ufa la Kenya bunduki haikwisha kwa kufungwa usasi. Ilibaki kwa askari wa wanyama, kwa wenye mashamba makubwa, na kwa vijana wa akiba kama yule wa mkahawani. Vumbi ni lile lile.

SENTI TANO NA NUSU

Kisa kikubwa kabisa cha kifyatuo kibovu katika zama zetu kimetokea Marekani, na chafaa kuelezwa hapa kwa sababu kinatufundisha jinsi chuma na mizani ya duka vinavyoingiliana.

Baada ya Vita vya Pili, mhandisi aitwaye Mike Walker wa kampuni ya Remington alibuni kifyatuo kipya. Kilikuwa laini, chenye kukatika vizuri, na wasasi walikipenda. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 katika bunduki ya Model 721, na kuanzia mwaka 1962 kikatiwa katika Model 700, bunduki iliyouzwa kwa mamilioni.

Siri ya ulaini wake ilikuwa kipande kimoja cha ziada. Baina ya kifyatuo na kijino palitiwa kibamba kidogo cha chuma ambacho hakikufungwa kwa kitu. Kilishikiliwa na springi tu, na kila risasi ilipotoka kilijitenga na kifyatuo, kisha kikarudi. Kikirudi sawasawa, vyema. Kikiingiliwa na uchafu, unyevu au mafuta yaliyoganda, hakirudi mahali pake kamili, na kijino hubaki kinaning'inia.

Sasa sikiliza, msomaji, jinsi inavyokuwa. Wakati sefti imefungwa, hakuna linaloonekana, kwa kuwa sefti yenyewe ndiyo iliyokiinua kijino na kukishikilia. Mtu akiisukuma sefti kuifungua, kijino hushuka, hakikuti chini yake cha kukizuia, na bunduki hulia. Kidole hakijagusa kifyatuo. Kitendo cha kuifungua sefti ndicho kilichoilipua.

Ubaya uliongezeka kwa jambo la pili. Katika bunduki hizo, hadi mwaka 1982, sefti ilipofungwa ilifunga pia komeo. Aliyetaka kutoa risasi kwa usalama alilazimika kwanza kuifungua sefti. Kumbuka Mauser ya mwaka 1898 na kituo chake cha katikati.

Tarehe 23 Oktoba 2000, katika jimbo la Montana, familia moja ya wasasi iitwayo Barber ilikuwa imemaliza kuwinda. Mama alishika Model 700 akitaka kuitoa risasi, kama inavyompasa kila mwenye busara. Aliisukuma sefti. Bunduki ikalia. Alikuwa ameielekeza kwenye gari la kubebea farasi, asijue kwamba mwanawe wa miaka 9 alikuwa amepita upande wa pili. Risasi ilipenya gari ikamfika mtoto, naye akafariki.

Baba yake mtoto alitumia miaka akikusanya hati. Hati hizo na nyingine zilizotolewa mahakamani zilikuja kuonyeshwa katika filamu ya televisheni ya CNBC mwaka 2010. Zilionyesha kwamba Walker mwenyewe, mapema mwaka 1948, alikwisha pendekeza badiliko la kuongeza usalama, na gharama yake ilikadiriwa kuwa senti tano na nusu za Kimarekani kwa kila bunduki. Halikufanywa. Kabla ya hapo, mwaka 1994, baraza la mahakama huko Texas lilikuwa limeamuru kampuni imlipe dola milioni 17 mtu mmoja aliyepoteza mguu.

Kwa insafu lazima tuseme upande wa pili. Kampuni ilikana daima kuwa kifyatuo hicho ni kibovu. Ilisema kwamba watu hawakuzisafisha bunduki zao, au walizichezea vifyatuo, au walivunja kanuni za kushika silaha. Ilileta kifyatuo kipya mwaka 2006, na mwaka 2014 ikakiita nacho kirudi kwa matengenezo, kwa kuwa gundi iliyotumiwa kiwandani yaweza kuzidi na kukifanya bunduki ilie. Mwisho ulifanyika mapatano ya mahakamani, yakathibitishwa mwaka 2018, yaliyohusu bunduki zipatazo milioni 7.5, bila kampuni kukiri kosa. Kwa hiyo alichosema yule mama ndani ya nyumba yake, kwamba hakugusa kifyatuo, hakikuwa neno la kudharauliwa. Wako waliosema hivyo wakaitwa waongo, na chuma ndicho kilichokuwa kikisema uongo.

KUSUDIO

Lakini tusiende upande mmoja kupita kiasi. Si kila asemaye "ilijifyatua" husema kweli, wala si kila risasi isiyokusudiwa hutokana na chuma.

Mwezi wa Mei 2006, huko Soysambu, baina ya Gilgil na Nakuru, mwenye shamba Thomas Cholmondeley alifyatua bunduki yake alipokutana na watu waliosemekana kuwa wawindaji haramu, waliokuwa na mbwa. Mchonga mawe aitwaye Robert Njoya alipigwa risasi akafariki. Cholmondeley alisema aliwalenga mbwa. Mwaka 2009 mahakama iliamua kwamba hakukusudia kuua, ikamtia hatiani si kwa mauaji bali kwa kuua bila kukusudia, na akafungwa miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Wengi walinung'unika. Hapa sitaki kufungua kesi upya, nataka tu tuone kwamba hapakuwa na kijino kilichoteleza. Palikuwa na mtutu na mtu mbele yake.

Sheria ya Kenya, katika Kanuni za Adhabu, hutenganisha kuua kwa nia mbaya na kuua kwa uzembe au kitendo kisicho halali. Sisi Waislamu tumelijua jambo hili siku nyingi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, yameelezwa hukumu za aliyemuua muumini kwa kukosea: kumwacha huru mtumwa na kuwalipa dia jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Zingatia hapo: kukosea kumetajwa kuwa ni kukosea, lakini hakukuachwa bure. Haikusemwa kuwa ajali haina kinga, basi kila mtu aende zake.

Hata kitoweo kina hukumu yake. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho madarasa ya Lamu na Mombasa yamekisoma vizazi kwa vizazi, imo mas'ala ya mtu aliyeponyokwa na kisu mkononi, kikamjeruhi mnyama wa mwituni akafa. Nyama hiyo si halali, kwani hapakuwa na kusudio. Kwa kipimo hicho, bunduki iliyolia yenyewe ikaangusha paa haikumpatia msasi kitu, hata kama paa ni mnono na watoto wana njaa.

KINGA

Sasa neno la pili, lile la dereva wa Kisauni. Wahenga hawakukosea waliposema ajali haina kinga. Walikuwa wakimliwaza aliyekwisha patwa, si wakimpa ruhusa asiyepatwa bado. Msemo wa matanga ukitumiwa mkahawani huwa umepotezwa njia.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, na sababu aliyoitoa imo katika Bukhari na Muslim: mtu hajui, huenda shetani akaivuta mkononi mwake. Hebu lifikirie neno hilo mbele ya habari ya Montana. Halikusema kwamba mwenye silaha ana nia mbaya. Limesema kwamba silaha yaweza kutoka bila nia yake. Aliagiza pia kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike penye vyembe, asije akamjeruhi mtu. Na alikataza kupokezana upanga uliofutwa alani. Zama hizo hapakuwa na baruti Bara Arabu, lakini kanuni za leo za kushika bunduki hazikuongeza jambo kubwa juu ya hayo matatu.

Maana walimu wa bunduki wa ulimwengu mzima, wawe wa jeshi au wa usasi, wamekubaliana juu ya mambo machache. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka uitazame mwenyewe. Mdomo wake usielekee kamwe kitu ambacho hungependa kukiharibu, hata ikiwa imefungwa. Kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka shabaha iwe tayari. Ujue kilicho nyuma ya shabaha, kwani risasi ya kuwindia hupenya mbao na bati kama karatasi. Kabla ya kuruka mtaro, kupanda ukuta, kuingia garini au kuketi kunywa chai, toa risasi. Na kifyatuo kikianza kuwa chepesi kuliko jana, au komeo likikwama, bunduki iende kwa fundi mwenye cheti, isiende kwa mwenye tupa.

Ukizitazama kanuni hizo utaona kwamba hakuna hata moja inayoitegemea sefti. Sefti ni msaada juu yake. Kanuni ya mdomo ndiyo mama yao, kwa kuwa bunduki iliyoelekezwa chini ikilia yenyewe itatoboa udongo na kuwashtua kuku, basi. Kijino chaweza kuharibika bila mtu kujua. Mwelekeo wa mdomo huonekana na kila mtu aliyeko, pamoja na yule asiyejua lolote la bunduki, na ndiyo sababu hata mpita njia ana haki ya kusema, "Mwanangu, hebu igeuze."

Haki hiyo wengi wetu huionea haya. Hudhani tutaonekana waoga, au tumemvunjia heshima mwenye silaha. Mchukuzi wa mwaka 1909 pengine hakuweza kumwambia bwana wake neno hilo. Sisi leo twaweza.

Yule kijana wa Mai Mahiu, nilipokuwa naondoka, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mzee, nifanyeje? Ng'ombe wakija kuibwa nikiwa nimetoa risasi?" Ni swali la haki, kwa maana kazi yake si ya mchezo. Nikamwambia malishoni afanye alivyofunzwa na wakubwa wake, lakini chai hainywewi kwa haraka kiasi hicho. Alinitazama kitambo, akaelekeza mdomo chini ukutani, akavuta komeo, akatoa risasi akaitia mfukoni.

Nje, dereva wangu wa Kisauni alikuwa akijitayarisha kuondoka. Lori lake lilikuwa limeegeshwa penye mwinamo, breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Utingo wake akainama, akatoa mawe mawili makubwa aliyokuwa ameyatia nyuma ya magurudumu, akayarusha juu ya shehena kwa ajili ya kituo cha mbele.

"Hayo mawe ya nini," nikamwuliza dereva, "na breki unayo?"

"Ah, sheikh," akajibu akipanda, "breki ni chuma. Chuma chaweza kukusaliti."

Nikacheka, nikamkumbusha alichoniambia mkahawani. Naye akacheka, akapiga honi, akashika njia ya Naivasha. Yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwachie Mungu aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Dereva wetu alikuwa akiyafanya hayo kila anapoegesha, ila hakuwahi kufikiri kwamba na bunduki nayo ina mawe yake.